«Ames: hasi» kwenye karatasi ya rangi ya ngozi

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu 12 hapa Moshi. Tunapaka rangi ngozi za mbuzi na ng'ombe, tunashona viatu na mikoba. Mwezi huu tumebadilisha muuzaji wa rangi nyeusi ya unga. Kwenye karatasi ya usalama aliyotuletea, sehemu ya 11, kuna mstari mmoja tu: «Kipimo cha Ames: hasi. Haiathiri vinasaba.» Kijana wetu anayesoma Arusha anasema kipimo hicho ni cha bakteria, si cha watu, na kwamba angeweza kukifanya mwenyewe chuoni. Je, mstari huo unatosha? Na kipimo chenyewe kinafanywaje?

JIBU: Ndugu zangu wa Moshi, poleni na kazi. Mstari huo hautoshi. Huenda muuzaji wenu ni mkweli kabisa na kipimo kilifanyika kweli, lakini rangi nyeusi za ngozi nyingi ni za jamii ya azo, na jamii hiyo ndiyo inayopenya kwenye kipimo cha kawaida cha Ames bila kushikwa. Kwa rangi hizi, neno «hasi» halina uzito mpaka ujue kipimo kilifanywa kwa njia ipi.

Rangi ya azo ina atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana katikati, kama kiungo kinachounganisha vipande viwili vya molekuli. Kiungo hicho kikiwa kizima, rangi nyingi hazigusi vinasaba. Kikivunjika, vipande vinavyobaki ni amini za aromatiki, na baadhi yake ni sumu kali kwa vinasaba. Bakteria wa utumbo hukivunja, ini hukivunja, na hata bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya binadamu wana uwezo huo. Mfano unaojulikana zaidi ni rangi nyeusi iitwayo Direct Black 38, yenye namba ya CAS (namba ya kimataifa ya kutambulisha kemikali) 1937-37-7. Ikivunjika hutoa benzidini, ambayo husababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka benzidini katika Kundi la 1, pamoja na rangi zote zinazogeuka kuwa benzidini mwilini. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya kuzungumzia maabara, tafuteni namba ya CAS au namba ya C.I. (ya orodha ya kimataifa ya rangi) kwenye sehemu ya 3 ya karatasi yenu. Kama hakuna namba hata moja, mnanunua unga msioujua jina.

Sasa kipimo. Kilibuniwa na Bruce Ames na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo hufuata mwongozo namba 471 wa OECD, shirika la kimataifa la nchi zilizoendelea kiuchumi. Wanatumiwa bakteria wa Salmonella waliokwisha kuharibiwa kinasaba kimoja, hivyo hawawezi kujitengenezea histidini, kirutubisho wasichoweza kuishi bila. Ukiwaweka kwenye sahani isiyo na histidini, hawaoti. Kemikali ikibadilisha DNA yao, wachache watapata badiliko linalorudisha uwezo uliopotea, na kila mmoja wao ataota na kuwa kidoa cheupe kinachoonekana kwa macho. Vidoa hivyo, yaani koloni zilizorejea, ndivyo vinavyohesabiwa. Kijana wenu yuko sahihi kwamba ni bakteria. Ila DNA ya bakteria na ya mtu imejengwa kwa herufi zile zile nne, na ndiyo maana kipimo hiki kimebaki lango la kwanza la kupima kemikali kwa zaidi ya miaka 50.

Aina moja ya bakteria haitoshi. Mwongozo unataka angalau tano: TA98, TA100, TA1535, TA1537 (au TA97 badala yake), na ya tano iwe TA102 au E. coli wa aina ya WP2. TA98 na TA1537 hugundua kemikali inayojipenyeza kwenye mfuatano wa herufi na kuusogeza. TA100 na TA1535 hugundua ile inayobadilisha herufi moja kwa nyingine. Zote nne hutazama herufi za G na C. Hiyo ya tano imewekwa kwa sababu hutazama A na T, na hukamata kemikali za kuoksidisha ambazo nyingine huzikosa. Ripoti yenye TA98 na TA100 peke yake ni uchujaji wa awali, haiwezi kuitwa kipimo kamili.

Kazi yenyewe inaonekana ndogo ukiitazama mezani. Chini ya sahani kuna mililita 20 hadi 25 za agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye chumvi na glukosi, isiyo na histidini. Pembeni kuna mirija ndani ya bafu la maji la nyuzi 45, kila mmoja una mililita 2 za agari laini ya asilimia 0.6. Ndani ya mrija unatia mililita 0.1 ya bakteria waliooteshwa usiku kucha kwa kutikiswa kwenye nyuzi 37 hadi wafike kama bilioni 1 kwa mililita, kisha mililita 0.1 ya rangi iliyoyeyushwa, kisha mililita 0.5 ya mchanganyiko wa ini au ya bafa (maji yanayotunza kiwango cha asidi) peke yake. Unatikisa sekunde chache, unamwaga, unainamisha sahani huku na huku ili isambae sawasawa, unaiacha mezani palipo tambarare mpaka igande. Ukisitasita kumwaga, mambo mawili yanaharibika kwa pamoja: vimeng'enya vya ini vinaanza kufa kwa joto, na agari inaganda kwa mabonge. Halafu sahani zinageuzwa juu chini na kukaa kwenye inkubeta ya nyuzi 37 kwa saa 48 hadi 72.

Huo mchanganyiko wa ini unaitwa S9. Ini la panya husagwa, huzungushwa kwenye mashine kwa nguvu ya 9,000 g, na maji ya juu ndiyo yanayochukuliwa. Jina limetoka hapo. Bakteria hawana ini, na kemikali nyingi huwa sumu baada tu ya kupita kwenye ini. Kwa hiyo kila kitu hupimwa mara mbili, bila S9 na pamoja na S9 ya asilimia 5 hadi 30 ndani ya mchanganyiko wenye NADP na glukosi-6-fosfati, vitu ambavyo vimeng'enya vya ini huvihitaji ili vifanye kazi.

Dozi huwa angalau tano, ya juu kabisa ikiwa miligramu 5 kwa sahani kama kemikali inayeyuka na haiwaui bakteria. Kwa kawaida hushuka hivi: mikrogramu 5,000, 1,600, 500, 160, 50. Kila dozi sahani tatu. Weka na sahani za kiyeyushi kitupu na za ulinganisho chanya, yaani kemikali inayojulikana kubadilisha vinasaba, halafu piga hesabu: aina 5 za bakteria, makundi 7, sahani 3 kwa kila kundi, mara mbili kwa S9. Zinakuja sahani 210 kwa jaribio moja. Kijana wenu aijue namba hiyo kabla hajaomba nafasi maabara.

Hapa ndipo rangi zenu zinapopotea. Ini la panya katika njia ya kawaida hufanya kazi palipo na hewa na huoksidisha. Kiungo cha azo kinahitaji kinyume chake, yaani kuongezewa elektroni. Rangi inaingia ikiwa nzima, inatoka ikiwa nzima, bakteria hawaoni chochote, na karatasi inaandikwa «hasi» bila mtu yeyote kudanganya. Prival na Mitchell walitoa suluhisho mwaka 1982, na mpaka leo ndilo linalotumika kwa rangi za azo: S9 itoke kwenye ini la hamsta ambaye hakupewa dawa ya kuchochea vimeng'enya, iwe asilimia 30, iongezwe FMN, NADH na glukosi-6-fosfati ya ziada pamoja na kimeng'enya chake, na rangi ikae na bakteria na S9 kwa dakika 30 kwenye nyuzi 30 bila kutikiswa, kabla ya kutiwa agari laini. FMN ndiyo inayobeba elektroni hadi kwenye kiungo cha azo. Kutotikisa nako kuna sababu, maana ukitikisa unaingiza oksijeni, na oksijeni inazinyang'anya elektroni zile zile. Ulinganisho chanya wa njia hii ni rangi ya azo yenyewe, Congo Red. Kama Congo Red haikuongeza koloni kwenye jaribio, basi kiungo hakikuvunjwa, na «hasi» ya rangi yenu katika jaribio hilo haina maana.

Kwa hiyo kwenye ripoti tafuteni maneno matatu: hamsta, FMN, Congo Red. Yasipokuwepo, ombeni kipimo kingine.

Koloni nazo zina mitego yake. Kila aina ya bakteria ina koloni zake za kawaida hata bila kemikali: TA98 huwa karibu 20 hadi 50 kwa sahani, TA100 kama 75 hadi 200, TA1535 na TA1537 huwa chache, kama 5 hadi 20, na TA102 huwa mamia. Namba kamili hutofautiana kati ya maabara na maabara, ndiyo maana kila maabara inapaswa kuwa na kumbukumbu zake za nyuma. Maabara nyingi huita matokeo «chanya» koloni zinapofika mara mbili ya kiyeyushi kwa TA98, TA100 na TA102, au mara tatu kwa TA1535 na TA1537, tena zikipanda pamoja na dozi. Ripoti yenye sifuri kwenye kiyeyushi cha TA100 ina kasoro: bakteria walikufa au si wenyewe.

Ishike sahani dhidi ya mwanga. Nyuma ya vidoa kuna ukungu mwepesi uliotanda, ambao ni bakteria waliotumia histidini kidogo iliyowekwa makusudi kwenye agari laini wakagawanyika mara chache kisha wakasimama. Ukungu huo ndio ushahidi kwamba walikuwa hai. Kwenye dozi inayowaua, ukungu hupotea na badala yake hutokea vidoa vidogo mno kama ncha ya sindano. Anayehesabu haraka huviita koloni na kuandika «chanya». Hivyo ni bakteria wa kawaida walionusurika na kugawana histidini ya wenzao waliokufa, hawakubadilika chochote. Darubini ya kawaida inatosha kuona ukungu. Kuukagua ni lazima kwenye kila dozi ya juu. Na kwa rangi nyeusi kuna tatizo jingine la wazi: sahani inakuwa giza, mashine ya kuhesabu inashindwa au inahesabu chembe za rangi zilizoganda. Hapo ni kuhesabu kwa mkono, na ripoti iseme hivyo.

Mtego wa histidini unawahusu ninyi kwa namna nyingine. Mkija kufikiria kupima maji machafu ya pipa la kupakia rangi, kumbukeni ngozi ni protini. Maji hayo yana vipande vya protini na amino asidi, histidini ikiwemo. Bakteria watakula, wataota, na sahani itajaa koloni zisizo na uhusiano wowote na vinasaba. Maji ya namna hiyo husafishwa kwanza kwa kupitishwa kwenye resini inayoshika rangi na kuachia amino asidi.

Kijana wenu akipata nafasi chuoni, anaweza kujifunza mengi kwa kufanya njia ya kawaida na TA98 na TA100, na namtia moyo afanye. Matokeo yake yasitumike kuamua kama watu 12 wataendelea kugusa unga huo. Kwa hapa Arusha ana mambo ya kuzingatia ambayo vitabu havimwambii. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka karibu na nyuzi 95, hivyo agari inachukua muda mrefu zaidi kuyeyuka vizuri. Otoklevu (chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu) akiiongoza kwa geji ya mgandamizo peke yake, pauni 15 kwa inchi ya mraba zitampa kama nyuzi 118 badala ya 121. Asome kipimajoto, au aongeze mgandamizo. S9 hutunzwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, huyeyushwa juu ya barafu siku ile ile ya kazi, na iliyoyeyuka hairudishwi. Umeme ukikatika usiku kucha na friza haina jenereta, S9 hiyo itaonekana vile vile kwa macho lakini vimeng'enya vitakuwa vimekufa. Atakayemjulisha ni ulinganisho chanya, na hapo iwe benzo(a)pireni pamoja na 2-aminoantrasini, kwa kuwa 2-aminoantrasini peke yake haitoshi kuthibitisha uzima wa S9.

Bakteria wenyewe wakaguliwe kabla: wasiote bila histidini, wazuiwe na kristali vayoleti (ishara kwamba ukuta wao bado una matundu ya kupitisha molekuli kubwa), wafe kwa mwanga wa UV, isipokuwa TA102 ambao mfumo wao wa kurekebisha DNA haukuondolewa, na TA98 na TA100 wavumilie ampisilini. Na usalama tafadhali. Salmonella ni Salmonella hata ikiwa imedhoofishwa. Kemikali za ulinganisho chanya zimechaguliwa kwa sababu ni sumu ya vinasaba. Azidi ya sodiamu isimwagwe kwenye sinki, kwa sababu ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu, na ikikaa kwenye mabomba ya shaba au risasi hutengeneza chumvi zinazolipuka.

Hata Ames iliyofanywa vizuri ina mwisho wake. Inaona badiliko dogo la herufi. Kromosomu ikikatika, au seli ikigawanyika na kupeleka kromosomu nyingi upande mmoja, bakteria hawawezi kuonyesha, kwa kuwa hawana mfumo huo wa kugawanya kromosomu. Ndiyo sababu kemikali ya viwandani hupimwa pia kwa seli za wanyama au za damu ya binadamu, mara nyingi kwa mwongozo namba 487 wa OECD, kipimo cha viini vidogo. Seli huwekewa kemikali kwa saa 3 hadi 6 bila S9 na pamoja na S9, na mara nyingine kwa muda mrefu bila S9, kisha huzuiwa kukatika kabisa kwa sitokalasini B ili kila seli iliyogawanyika ibaki na viini viwili ndani. Mchunguzi hutazama seli kama hizo zisizopungua 2,000 kwa kila mkolezo, akitafuta kiini cha tatu kidogo pembeni: kipande cha kromosomu, au kromosomu nzima, kilichoachwa nyuma. Sentensi ya muuzaji wenu, «haiathiri vinasaba», inahitaji angalau vipimo hivi viwili ndipo iandikwe.

Jambo jingine ambalo watu huliruka ni mzigo wenyewe. Unga wa rangi unaouzwa si rangi tupu. Huchanganywa na chumvi au dekstrini ili kusawazisha ukali. Miligramu 5 za unga kwenye sahani huenda zikawa na nusu tu ya rangi. Na uchafu unaobaki kutoka kiwandani hutofautiana kati ya mzigo na mzigo. Ripoti ya rangi yenye jina lile lile, ya mwaka mwingine na kiwanda kingine, ni ripoti ya unga mwingine.

Kwa hali yenu, nisingeanza kulipia Ames. Kuna njia ya kikemia iliyo nyepesi na inayojibu hofu kubwa moja kwa moja: kuivunja rangi makusudi na kutazama kilichotoka. Kiwango cha ISO 17234-1 kinachukua ngozi iliyopakwa, kinavunja viungo vya azo kwa daithionaiti ya sodiamu kwenye bafa ya pH 6 na joto la nyuzi 70, kisha amini hutenganishwa na kupimwa kwa kromatografia. Umoja wa Ulaya unakataza kwenye bidhaa za ngozi zinazogusa mwili rangi zinazotoa amini yoyote kati ya 22 zilizoorodheshwa kwa zaidi ya miligramu 30 kwa kilo, benzidini ikiwemo. Pelekeni kipande cha ngozi mliyoipaka wenyewe, siyo sampuli ya muuzaji. Kama ngozi yenu imetengenezwa kwa kromu, lipieni na kipimo cha kromu ya VI kwa ISO 17075. Kikomo cha Ulaya ni miligramu 3 kwa kilo. Kromu ya III mnayoitumia ni tulivu, ila joto, alkali na mafuta mabovu huweza kuigeuza kuwa ya VI, ambayo ni chanya kwenye Ames. Hii nayo ina kichekesho chake cha kikemia: S9 huirudisha kuwa ya III, hivyo huonekana kali zaidi pasipo ini kuliko penye ini.

Mwandikieni muuzaji leo, kwa barua, mkiomba namba ya CAS na ya C.I., namba ya mzigo uliopimwa, asilimia ya rangi halisi ndani ya unga, jina la maabara na namba ya mwongozo iliyofuatwa, majedwali ya hesabu za koloni kwa kila aina ya bakteria, chanzo cha S9, na tamko la kwamba rangi haitoi amini zile 22. Ulizeni pia usajili wake kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, anayesimamia kemikali za viwandani kwa sheria ya mwaka 2003 na mwenye ofisi ya kanda hapa Arusha. Mnaweza kwenda na karatasi yenu kuulizia.

Mpaka majibu yaje, kopo hilo lifungwe. Kama kazi haiwezi kusimama na lazima mtumie rangi fulani, unga upimwe na mtu mmoja, mbali na feni na mlango wenye upepo, akiwa na barakoa ya chembechembe ya daraja la FFP3 na glavu za naitrili. Atie maji kidogo kwanza, akoroge iwe uji mzito, kisha ndipo aongeze maji, kwa maana unga uliolowa haupandi puani. Sakafu ipigwe deki na maji, isifagiliwe. Na anayekanyaga ngozi ndani ya pipa kwa miguu mitupu aache leo hii.